George Lilanga: mchongaji aliyeshika brashi. Maisha yake, mizizi yake na namna alivyofanya kazi (uzi mrefu)

Mwana Ruvuma (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Kila mara naona watu wanaposti picha ya George Lilanga halafu chini yake wanaandika "Tingatinga". Wengine wanaiita katuni. Wengine wanamtaja kama yule Mtanzania ambaye eti msanii mmoja wa Marekani alimwiga, basi, habari imeishia hapo. Huyu ni mtu ambaye kazi zake zimezunguka Düsseldorf, London, Paris na Tokyo, na sisi wenye lugha yake hatujawahi kukaa chini tukamjadili inavyostahili. Nimeona nianze mimi.

Hoja yangu ni moja na nitaisimamia uzi mzima: Lilanga alikuwa mchongaji kwanza. Hata alipokaa mbele ya ubao na kopo la rangi, jicho lake na mkono wake vilikuwa vya mtu wa tezo na patasi. Ukiangalia picha zake kwa jicho hilo, mambo mengi yanayoonekana kama vituko yanakuwa na sababu.

Twende kwao kwanza.

Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, kwenye familia ya Kimakonde. Wamakonde wako pande zote mbili za Mto Ruvuma. Kwa miongo mingi watu wa upande wa Msumbiji walivuka kuja huku kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mkonge, wengi wao wakimkimbia Mreno na kazi zake za shuruti. Walikuja na ngoma zao, na chale zao usoni, kina mama na ndonya zao, vile vipambo vinavyochomekwa kwenye mdomo wa juu, na ufundi wa kuchonga.

Uchongaji huo haukuanza na watalii. Umo ndani ya simulizi ya asili yao. Inasimuliwa kwamba palikuwa na kiumbe mmoja aliyeishi peke yake porini, haogi wala hanyoi. Akachukua kipande cha mti, akachonga umbo la mtu, akalisimamisha nje. Usiku ukapita, asubuhi lile umbo likawa mwanamke hai, akawa mkewe. Watoto wao wa mwanzo walifia kule bondeni karibu na mto, hadi walipohamia juu kwenye uwanda ndipo mtoto akapona. Kwa hiyo mama wa Wamakonde wote ametoka kwenye mti uliochongwa. Mtoto anayekulia kwenye simulizi hiyo hawezi kumwona mchongaji kama fundi wa mapambo tu.

Halafu kuna mapiko. Hizi ni barakoa zinazovaliwa kichwani kama kofia nzito, zinazochezwa kwenye sherehe za jando na unyago. Naomba mzishike vizuri kwa sababu nitazirudia. Barakoa ya mapiko huchongwa kwenye mti mwepesi, hupakwa rangi, hubandikwa nywele halisi za mtu, na chale za usoni hutengenezwa kwa nta. Yaani ni mti, na rangi, na uso uliotiwa chumvi makusudi. Vinyago vyeusi vya mpingo tunavyovijua leo vilishamiri baadaye sana, katika karne ya 20, soko lilipofunguka.

Kuhusu kujifunza: kijana wa Kimakonde hakuanza na mpingo, na Lilanga alipita njia hiyohiyo. Unaanza na muhogo. Muhogo mbichi ni laini, unakatika kirahisi, ukiharibu unatupa unachukua mwingine. Ukishapata mkono unapewa mti laini. Mpingo unakuja mwisho, na mpingo hauna mchezo: mti huo unachukua zaidi ya miaka 70 kukomaa, ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na moyo wake ni mgumu hadi Wazungu wanatengenezea klarineti. Ukishakata umekata, huwezi kurudisha.

Naendelea baadaye kidogo, nina mtoto wa kumfuata shule.

Kopo la Rangi

Nimeweka kiti hapa. Mkuu, kuhusu muhogo sikujua kabisa. Endelea.

Bi Mdogo Temeke

Uzi mzuri, lakini mimi niulize mapema ili usije ukasahau. Mbona viumbe wa Lilanga wanaitwa mashetani? Sisi tumekua tunaambiwa vinyago vile usiweke ndani ya nyumba. Baba yangu mdogo alipewa kimoja kama zawadi, shangazi akakitoa nje usiku uleule. Lilanga alikuwa anaabudu vitu hivyo au ilikuwa biashara?

Mwana Ruvuma

Dada, swali lako ni la msingi, nitalijibu humuhumu ndani ya historia maana ndiko liliko.

Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilikuwa na Wamakonde wengi waliokuja mjini, na ilikuwa na wafanyabiashara wa vinyago wenye asili ya Kihindi. Mmoja wao, Mohamed Peera, ndiye anayetajwa zaidi, kwa sababu hakuwa mnunuzi tu: aliwasukuma wachongaji walete kitu cha kwao, waachane na sanamu za aina moja zinazorudiwarudiwa. Miongoni mwa waliompelekea kazi alikuwa Samaki Likankoa. Huyu Samaki ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani. Kabla yake sanamu za kuuza zilikuwa mzee na fimbo, mama na mtungi, mwindaji. Samaki akaleta kiumbe: jicho moja, mkono umepindia kusikotarajiwa, tumbo limegeuka tundu, mguu umeishia kwenye kichwa cha mwingine.

Viumbe hao hawakuzuliwa dukani. Ukienda uwanda wa Makonde utasimuliwa habari za viumbe wa porini na mtoni, wengine wa kudhuru, wengine wa kuchezea watu shere, wengine wanaosaidia mganga. Ni majirani wasioonekana. Wanakula, wanagombana, wanazaa, wana wivu. Lilanga aliwapokea kutoka huko. Kumchonga kiumbe si kumwabudu, kama vile msimuliaji wa hadithi ya zimwi haliabudu zimwi. Na utaona mbele kwamba alipowaleta mjini aliwageuza wakawa watu wa mtaani kabisa, wanapanga foleni na kubeba ndoo.

Ila sikulaumu, wala simlaumu shangazi. Vinyago vya mpingo vya mtindo huo vinatisha kweli, na vingine vilichongwa ili vitishe.

Mtindo wa pili unaohusika na Lilanga ni ule unaoitwa ujamaa: nguzo moja ya mpingo yenye watu wengi waliopandana, huyu amekanyaga bega la yule, yule amemshika mtoto, mtoto ameshika mguu wa bibi. Gogo moja, hakuna gundi, hakuna kiungo. Mchongaji hawezi kuacha nafasi tupu ovyo, kwa sababu nafasi tupu kwenye gogo ni kazi: lazima utoboe. Kila kiungo cha mwili kinabidi kishikane na kingine, la sivyo kitavunjika. Wekeni hilo akilini tukifika kwenye picha.

Mzee wa Patasi

Naomba niongeze hapo kwenye gogo, kwa kuwa nimefanya kazi hiyo. Mpingo hauji umenyooka. Unakuja na kona, na tundu, na sehemu ya nje nyeupe ambayo mwanafunzi anaikata yote ila fundi anaiacha mahali fulani iwe nguo au nywele. Unaliangalia gogo siku kadhaa. Pale lilipopinda ndipo pa kuweka mgongo. Palipo na tundu unaweka mdomo. Mtu akikuambia ana mchoro kwenye karatasi kabla ya kuona gogo, huyo hajawahi kuchonga mpingo.

Mwana Ruvuma

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Hilo la mdomo kuwekwa palipo na tundu nililisikia kwa mara ya kwanza kwa fundi mwingine na tangu hapo sijaweza kuangalia kinyago bila kujiuliza gogo lilikuwaje.

Tuendelee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga akahamia Dar es Salaam. Alikuwa tayari mtu mzima, karibu miaka 40, mchongaji kamili. Mjomba wake, Augustino Malaba, naye msanii, alikuwa anafanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa na Sista Jean Pruitt, mtawa Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Malaba akamsaidia kupata nafasi pale. Sio nafasi ya msanii. Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa kama mlinzi.

Naomba tukae hapo kidogo. Mtu ana ufundi wa miaka mingi mikononi, anapewa lindo. Lakini lindo lilimweka mahali ambapo vijana walikuwa wanajaribu kila kitu: batiki, kuchora kwa wino, kuchapa michoro kutoka kwenye bamba la chuma, rangi za mafuta. Muda si mrefu waliona anachoweza, akaingia kwenye kazi yenyewe. Na hakuchagua moja. Alichora kwa wino kwenye ngozi ya mbuzi. Alifanya batiki. Alikata maumbo kwenye bati la chuma kwa ajili ya geti la kituo, wale viumbe wake wakawa wamesimama barabarani mchana kweupe, kila anayepita anawaona. Aliendelea kuchonga. Kisha akashika hadibodi na rangi ya mafuta ile ya kupakia milango.

Mwaka 1978 kazi zake zilipelekwa Washington kwenye maonyesho pamoja na wasanii wengine wa Afrika. Kati ya kazi 280 zilizoonyeshwa, takriban 100 zilikuwa zake. Ndipo jina likaanza kutembea.

Kopo la Rangi

Sasa mkuu, mimi ni fundi wa kuandika mabango, naomba nikupinge kidogo. Hadibodi na rangi ya mafuta, hiyo ndiyo Tingatinga yenyewe. Kwa nini watu wasimwite Tingatinga?

Mwana Ruvuma

Nilikuwa nalisubiri hilo.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 Tunduru, naye mtu wa kusini, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu akiwa ndani ya gari. Miaka minne tu ya kuchora, na ameacha jina lililogeuka kuwa jina la aina nzima ya picha. Ni kweli vifaa ni vilevile: ubao, rangi ya kung'aa inayouzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Lakini vifaa havimfanyi mtu kuwa wa shule fulani. Ninyi mafundi wa mabango nanyi mnatumia rangi hiyohiyo.

Angalia picha ya Tingatinga mwenyewe. Mnyama mmoja, labda chui au ndege, amekaa katikati, nyuma yake rangi tupu, pengine tawi moja. Mnyama ametulia, anapumua. Kuna hewa.

Sasa angalia ya Lilanga. Hakuna hewa. Watu kumi, kumi na watano, wamejazana kutoka kona hadi kona. Mkono wa huyu umepita chini ya kwapa la yule. Mguu umeingia kati ya miguu mingine. Palipobaki upenyo, ameweka mtungi, au kibuyu, au mtoto. Huo ni ujamaa wa mpingo uliolazwa chali ukapakwa rangi. Anachora kana kwamba asipowashikanisha, mmoja atavunjika adondoke.

Ngoja niwaeleze nilichokiona kwa karibu. Kuna nyumba moja nilialikwa, mwenyeji ana picha yake ya ukubwa wa wastani kwenye hadibodi, na aliniruhusu niitoe ukutani niilete dirishani. Kwa pembeni, mwanga ukipita juu ya rangi, unaona mpangilio wa kazi. Chini kabisa kuna rangi moja ya bluu iliyopakwa bapa. Juu yake miili imejazwa: mmoja kahawia, mmoja kijani, mmoja waridi, kila mmoja rangi moja tu bila kivuli. Kisha mstari mweusi umezunguka kila umbo, mstari wa unene mmoja, haupungui kwenye kona wala hauongezeki kwenye tumbo, hauna mahali brashi ilipotetemeka. Mwisho kabisa vitone: kwenye nguo, kwenye mikono, kuzunguka macho. Vile vitone vimevimba. Ukipitisha kidole unavihisi kama upele, na vimepangwa mistari kwa mistari kwenye mashavu ya wale viumbe.

Hapo ndipo nilipokumbuka mapiko. Chale za nta kwenye uso wa mti. Mtu huyu aliweka chale kwa rangi ya mlango.

Na mstari ule usiotetemeka, kwangu mimi, ni mstari wa mtu aliyezoea kwamba ukishakata umekata.

Mzee wa Patasi

Umesema kweli kwenye mstari. Mkono wa mchongaji unajifunza kutorudi nyuma.

Bi Mdogo Temeke

Nimeingia mtandaoni nimeangalia picha zake kwa mara ya kwanza nikiwa na nia. Masikio makubwa, midomo mipana, matumbo, na vidole viwili au vitatu tu. Lakini wanafanya nini jamani! Nimeona mmoja kabeba mtungi kichwani na mtoto mgongoni na bado anamgeukia mwenzie wanapiga soga. Hiyo ni asubuhi bombani. Hawa si mashetani, hawa ni sisi.

Mwana Ruvuma

Umefika penyewe dada.

Hao viumbe walipokuwa kwenye mpingo walikuwa wa porini. Lilanga aliwashusha mjini akawavalisha. Wana mashati ya madoa, sketi za mistari. Wanatwanga, wanacheza ngoma, wanakunywa pombe, wanateta, wanabeba wagonjwa, wanabishana. Na picha zake nyingi alizipa majina marefu ya Kiswahili, sentensi nzima, za namna mtu anavyoongea kibarazani: fulani kamwambia fulani, fulani kakataa. Anayetazama bila Kiswahili anaona rangi na sherehe. Anayesoma anakuta ugomvi, au onyo, au kisa cha nyumba ya jirani.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaomwandika kama msanii wa furaha tupu, Mwafrika anayecheza. Angalieni midomo. Mdomo ulio wazi na meno nje unaweza kuwa wa mtu anayecheka, na unaweza kuwa wa mtu anayetukana. Aliuchora uleule kwa wote wawili, anakuachia wewe uamue kwa kuangalia mikono.

Nirudi kwenye sanamu zake, maana watu wakishaona picha wanazisahau. Sanamu za Lilanga zinazojulikana zaidi duniani si nyeusi. Ni za mti laini, zimepakwa rangi kali za mafuta, vitone na mistari juu yake kama kwenye picha. Wapo waliomwona kama mtu aliyeuacha Umakonde kwa kupaka mti rangi. Kwangu ni kinyume. Mti mwepesi, rangi, uso uliotiwa chumvi: mapiko hayo. Aliruka juu ya kinyago cha dukani akarudi kwenye kitu cha zamani zaidi, akakipa rangi za mjini.

Pia kuna faida ya kikazi ambayo Mzee wa Patasi ataithibitisha. Mti laini unakuruhusu kurefusha mkono, kunyanyua mguu, kuweka mtu juu ya kidole kimoja. Mpingo ukifanya hivyo utalia wiki nzima na bado unaweza kupasuka.

Mzee wa Patasi

Nathibitisha. Mpingo una nyufa za ndani huwezi kuziona. Unafika mwisho, unapiga msasa, krak. Mti laini hauna roho mbaya hiyo, ila unataka rangi au wadudu wataula.

Ukoka

Salaam wakuu, nimechelewa. Vipi kuhusu hili la Keith Haring, yule msanii wa Marekani? Kila makala ninayokutana nayo inasema Lilanga ndiye aliyemwathiri. Mstari mnene mweusi, watu wanaocheza, rangi bapa. Si tulipigie kelele? Ni fahari yetu.

Mwana Ruvuma

Karibu mkuu. Nitajibu kwa uangalifu.

Kufanana kupo, sikatai. Haring alizaliwa 1958, akaanza kuchora kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi New York mwanzoni mwa miaka ya 1980, akafa 1990. Kazi za Lilanga zilikuwa zimefika Washington 1978. Watu wanaunganisha tarehe hizo mbili wanapata hadithi. Lakini tarehe kufuatana si ushahidi kwamba mmoja alimwona mwingine, na kufanana kwa mstari si ushahidi pia. Mstari wa Haring unatoka kwenye katuni na maandishi ya ukutani. Wa Lilanga nimeshaeleza unakotoka.

Ninachokipinga zaidi ni kwamba hadithi hii inamfanya Lilanga apate thamani kwa kuwa alipitia kwa Mmarekani. Hahitaji. Mwaka wa 1978 Haring alikuwa kijana wa miaka 20, Lilanga alikuwa na miaka 44 na kazi zaidi ya anazoweza kuzihesabu mtu. Tukitaka fahari, tuipate kwa kumtaja Samaki Likankoa, kwa kumtaja Malaba, kwa kujua mapiko ni nini. Hiyo ndiyo nasaba yake.

Ukoka

Nimekuelewa, japo nitaendelea kuamini waliona. Suala jingine: ni kweli kwamba miaka ya mwisho hakuwa anachora mwenyewe? Kuna rafiki ana picha ya miaka ya 2000, ameambiwa haina thamani kwa sababu "ni ya wasaidizi".

Mwana Ruvuma

Hapa panataka kutenganisha mambo mawili, kwa sababu wauzaji wanayachanganya kwa faida yao.

La kwanza: Lilanga aliugua kisukari, na ugonjwa ukamwendea vibaya hadi akakatwa mguu. Mtu aliyezoea kusimama na tezo akawa wa kukaa. Kuchonga gogo ukiwa umekaa kwenye kiti ni kazi ngumu mno, kwa hiyo kazi za rangi zikazidi na wasaidizi wakaongezeka. Yeye anachora mstari, wao wanajaza rangi, wanaweka vitone. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni mjukuu wake Hendrick Lilanga, ambaye leo ni msanii kwa jina lake mwenyewe.

Je, kazi ya namna hiyo si yake? Mimi nasema ni yake. Banda la Wamakonde ndivyo linavyofanya kazi tangu zamani: mmoja anakata gogo kwa shoka, fundi mkuu anatoa sura, vijana wanapiga tupa na msasa na kung'arisha. Hakuna anayeuliza msasa ulipigwa na nani. Kinachohesabika ni nani aliamua mgongo ukae wapi. Kwa Lilanga uamuzi uko kwenye mstari, na mstari alikuwa nao hadi mwisho. Nakubali kwamba kazi za wakati huo hazilingani. Zipo ambazo vitone vimewekwa kwa haraka na rangi zimekuwa zilezile, na hizo sizipendi. Lakini udhaifu si ughushi.

La pili: kazi zilizotengenezwa na watu wengine kabisa, yeye hajui, zikawekewa jina lake. Hizo ni bandia, na umaarufu wake ulizizalisha nyingi. Rafiki yako aangalie mstari kwanza kabla ya sahihi. Sahihi mtu anaiga kwa dakika moja. Mstari mrefu unaotoka sikioni, unashuka shingoni, unazunguka tumbo hadi kwenye kidole cha mguu bila kusita, huo si wa kuigwa kirahisi. Aangalie pia mikono inapopishana: kwenye kazi yake unaweza kuufuata kila mkono hadi kwa mwenyewe. Anayeghushi hujaza tu, ukihesabu unakuta mkono hauna mtu.

Lilanga alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005. Wakati huo kazi zake zilikuwa kwenye maonyesho makubwa ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004, yakaenda London na Paris 2005, Tokyo 2006, na Johannesburg 2007. Nyingine zilikuwa kwenye mkusanyiko wa Jean Pigozzi, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa sanaa ya Afrika ya sasa. Mtu anakufa Dar na mashetani wake wako ukutani Paris.

Kopo la Rangi

Na hapa kwetu tunaziona wapi? Niko radhi kupanda daladala kesho.

Mwana Ruvuma

Hapo ndipo roho inaponiuma. Jengo la Nyumba ya Sanaa alilolifanyia kazi, lililokuwa na geti lake, lilibomolewa. Kazi zake bora nyingi ziko nje. Zilizobaki hapa ziko kwenye nyumba za watu waliozinunua mapema. Kijana wa kidato cha pili akiulizwa mchoraji Mtanzania atasema Tingatinga na kuishia hapo, na sio kosa lake.

Ila uchongaji wenyewe haujafa. Nenda Mwenge, pale Dar kwa wachongaji wa vinyago, ukae na mafundi, uangalie mtu anavyoligeuza gogo. Utamwelewa Lilanga zaidi kuliko kusoma uzi wangu huu. Na kama wewe ni mtu wa mabango, jaribu jambo moja: chora watu sita kwenye ubao mmoja kwa mstari mweusi, wote washikane, usinyanyue brashi kabla hujamaliza mwili mzima, na usifute. Utajua kazi ile ilikuwa nini.

Kopo la Rangi

Nimejaribu jana usiku kwenye kipande cha silingibodi. Mtu wa tatu nimekwama, sina pa kupeleka mguu wake. Yeye alikuwa anaanzia wapi, katikati au pembeni?

Mwana Ruvuma

Kwenye ile picha niliyoishika, niliona mstari wa mtu mkubwa wa katikati umekatwa na wa wengine sehemu mbili tu, wakati wa pembeni wamekatwa kila mahali. Kwa hiyo yule wa katikati huenda ndiye wa kwanza, wengine wakamzunguka kufuata pale alipopinda. Jaribu kumpinda mtu wako wa kwanza zaidi. Akisimama wima kama askari, hatoi nafasi kwa mtu.

Binti Mueda

Wakuu, nimesoma mwanzo hadi mwisho. Babu yangu mzaa mama alichonga Dar miaka ya 1960 na 1970, alikuwa anauza kwa wale Wahindi wa mjini. Bado yuko hai, anaongea vizuri asubuhi. Sijawahi kumuuliza chochote kuhusu kazi yake. Jumapili naenda kwake. Nimuulize nini?

Mwana Ruvuma

Dada yangu, chukua daftari na simu ya kurekodi, na umwombe ruhusa kwanza.

Muulize alianza na muhogo au na mti gani, na nani alimpa tezo ya kwanza. Muulize mpingo walikuwa wanautoa wapi na gogo lilifikaje mjini. Mnunuzi alikuwa anakataa kazi ya namna gani, na ile iliyokataliwa ilipelekwa wapi. Muulize mtu wa kwanza aliyemwona akichonga shetani ni nani, na wenzake walisema nini siku hiyo. Kama aliwahi kucheza mapiko au kuyachonga, muulize rangi ilikuwa ya nini, ila akinyamaza hapo usimsukume, kuna mambo ya jandoni hayasemwi kwa kila mtu. Mwisho muulize kama alimjua Lilanga kabla hajashika brashi, na mkono wake ulikuwaje.

Mzee wa Patasi

Na umuulize babu mabaki meupe ya mpingo alikuwa anayafanyia nini. Mimi nitakuwa hapa Jumapili jioni.